Majibu kwa wasomaji: kifaa kichafu hakitakasiki

Tangu tulipogusia kwa kifupi suala la vifaa vya tiba vinavyotumika kwa mgonjwa zaidi ya mmoja, tumepokea barua kutoka kwa wauguzi, wahudumu wa chumba cha kutakasia vifaa, wagonjwa na wazazi. Tumechagua baadhi yake na kufupisha zile ndefu, na anayezijibu ni muuguzi aliyefanya kazi ya utakasaji wa vifaa kwa miaka mingi. Katika majibu yake, "kusafisha" ni kuondoa uchafu kwa maji, sabuni na brashi. "Kuua vijidudu" ni kutumia dawa au joto linaloangamiza vijidudu vingi lakini lisilomaliza spora. Na "kutakasa" ni kuua vyote, pamoja na spora, yaani ile hali ya usingizi yenye ganda gumu ambayo baadhi ya bakteria, wakiwemo wa pepopunda, huingia mazingira yanapowawia magumu.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi. Chuoni nilifundishwa kwamba kifaa kikishatumika kinatumbukizwa kwanza katika maji ya klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10, ndipo kinasafishwa. Msimamizi wetu mpya ameiondoa ndoo ya klorini na kutuamuru tuanze na sabuni. Wenzangu wanaona anatuhatarisha. Nani mwenye haki?

Haki ni ya msimamizi wako, dada yangu, ingawa nawe hukufundishwa uongo, kwa kuwa ndivyo wengi wetu tulivyofundishwa na ndivyo tulivyofanya kwa miaka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kuhusu vifaa vya tiba vinavyotumika tena unasema wazi kwamba kuloweka vifaa katika klorini kabla ya kuvisafisha hakushauriwi. Sababu ya kwanza ni kwamba klorini hujimaliza kwa damu: ikikutana na damu, usaha au kamasi, nguvu yake huishia kwenye uchafu huo kabla haijawafikia vijidudu waliojificha chini yake, kwa hiyo ndoo iliyotumbukizwa vifaa vya akina mama watatu huenda ikawa inanuka klorini huku kazi yake imekwisha. Ya pili ni kwamba klorini hula chuma, na mkasi ulioliwa hupata vishimo vidogo ambavyo damu hujificha ndani yake kila unapotumika. Ya tatu ni nyinyi wenyewe, kwa maana maji yale huruka machoni na mvuke wake huingia kifuani, na mhudumu anayeamini kwamba kifaa kilichotoka kwenye ndoo "kimeshakufa vijidudu" hukishika bila tahadhari inayostahili.

Naomba nikueleze kitu nilichokiona kwa macho yangu, katika hospitali ambayo sitaitaja. Tulifungua kifurushi kilichotoka kwenye otoklevu, yaani mashine ya kutakasa kwa mvuke wenye shinikizo, tepu ya nje inayobadilika rangi kwa joto imegeuka vizuri, kitambaa kikavu, kila kitu mahali pake. Daktari akachukua mkasi, akaufungua, na kwenye kiungo, pale mapande mawili yanapopishana, palikuwa na utando wa kahawia uliokauka kama kutu. Haukuwa kutu. Nilipoukwangua kwa ncha ya sindano na kuudondoshea maji, maji yaligeuka mekundu. Mkasi ule ulikuwa umelowekwa katika klorini, ukasuuzwa ukiwa umefungwa, kisha ukapikwa kwa mvuke pamoja na damu ya mtu mwingine ndani yake. Mvuke huua ulichogusa, na chini ya tabaka la damu iliyoganda haufiki inavyotakiwa.

Kwa hiyo kazi inaanzia kitandani kwa mgonjwa, kabla kifaa hakijafika kwenye sinki. Kifaa kinafutwa kwa kitambaa kilicholowa maji mara tu kinapotoka mikononi mwa mtoa huduma, kisha kinafunikwa kwa taulo bichi ili damu isikauke wakati wa kukisafirisha katika chombo chenye mfuniko. Msitumie maji ya chumvi ya dripu kulowanishia, maana chumvi nayo hutoboa chuma. Kwenye sinki, anayeosha avae glavu nene zinazofika karibu na kiwiko, aproni isiyopitisha maji, barakoa na miwani ya kinga. Maji yawe baridi au vuguvugu, kwa kuwa maji ya moto sana hugandisha protini ya damu juu ya chuma kama ute wa yai unavyoganda kwenye sufuria. Mikasi na koleo vifunguliwe, vinavyoachana viachanishwe, na kifaa kisuguliwe kwa brashi kikiwa chini ya maji, kwa sababu ukisugua juu ya maji kila unyoya wa brashi unarusha matone usoni mwako. Mirija ipitishwe brashi nyembamba inayolingana na tundu lake, kisha isukumiwe maji kwa bomba la sindano mpaka yatoke meupe. Ndipo kifaa kisuuzwe, kikaushwe na kukaguliwa kimoja kimoja kwenye mwanga mzuri, ikiwezekana kwa lenzi ya kukuzia. Kilichobaki na doa kinarudi kwenye sinki bila mjadala.

Klorini haijafukuzwa hospitalini. Damu iliyomwagika sakafuni na meza ya kujifungulia bado ni sehemu zake, na hata huko uchafu unaoonekana hufutwa kwanza.

Nafanya kazi kwenye chumba cha kutakasia vifaa. Mistari ya tepu ikishakuwa myeusi natoa vifurushi na kuandika tarehe. Juzi kifurushi kimoja kilikuwa na mistari myeusi kabisa, lakini tulipokifungua kitambaa cha ndani kilikuwa kimelowa. Mwenzangu alisema tukianike kikauke tu. Je, ni sawa?

Si sawa. Kifurushi kilicholowa kinahesabiwa kuwa hakijatakaswa, na vilivyomo vinafungwa upya katika kitambaa kikavu na kurudishwa kwenye mashine. Unyevu hufungua njia kwenye kitambaa: vijidudu wa mkononi, wa mezani na wa kabatini hupenya na maji kutoka nje hadi ndani, jambo ambalo kitambaa kikavu kingelizuia.

Kuhusu tepu, ndugu yangu, tuipe heshima yake na tusiipe zaidi ya hapo. Tepu ya nje hukuambia kwamba kifurushi kimepita kwenye joto, ili usikichanganye na ambacho hakijapita. Haijui kama mvuke ulifika katikati ya kifurushi wala kama ulikaa muda wa kutosha. Kwa hilo kuna kiashiria cha kemikali kinachowekwa ndani ya kifurushi, na juu yake kuna kipimo cha kibaiolojia, yaani kichupa chenye spora za bakteria aitwaye Geobacillus stearothermophilus, ambaye huvumilia mvuke wa moto kuliko karibu vijidudu wote tunaowahofia. Kichupa hicho hupitishwa kwenye otoklevu angalau mara moja kwa wiki, kisha hutunzwa kwenye joto linalomfaa bakteria huyo pamoja na kingine ambacho hakikupitishwa. Kilichopitishwa kikiota chochote, mashine inasimamishwa na vifaa vyote vya awamu hiyo vinarudishwa.

Sasa, kwa nini kifurushi chako kililowa? Otoklevu, ambayo Mfaransa Charles Chamberland aliibuni mwaka 1879 akiwa katika maabara ya Louis Pasteur, haiui kwa joto kavu. Unaweza kuingiza mkono kwa sekunde chache ndani ya tanuri lenye hewa ya nyuzi 160 ukautoa mzima, ilhali mvuke wa sufuria wenye nyuzi 100 hukubabua papo hapo. Tofauti yake ni kwamba mvuke unapogusa kitu cha baridi hugeuka kuwa maji na kumwaga pale pale joto lote lililotumika kuugeuza mvuke. Joto hilo ndilo linaloua, na maji hayo ndiyo yaliyolowesha kitambaa chako yalipokosa nafasi ya kukauka.

Mara nyingi chanzo ni upangaji. Vifurushi vikishindiliwa, mvuke haupiti kati yake na unyevu hauna pa kutokea. Inafaa visimame vikiwa na nafasi ya kupitisha vidole, kama vitabu kwenye rafu isiyojaa. Bakuli na trei zisizo na matundu zilazwe ubavu. Hewa ni nzito kuliko mvuke, hivyo bakuli lililokaa wima hubaki na dimbwi la hewa ambalo mvuke hauliondoi, na chini ya dimbwi hilo spora huendelea kulala usingizi wao. Chanzo kingine ni haraka: mlango unafunguliwa mara tu shinikizo linaposhuka, kifurushi cha moto kinawekwa juu ya meza ya baridi, na mvuke uliobaki ndani unageuka maji. Fungua mlango kidogo, acha vifurushi vipoe kwenye rafu ya waya kwa nusu saa au zaidi, na usivishike kabla ya hapo.

Nikuulize pia swali ambalo hukuniuliza: mnaanza kuhesabu dakika lini? Kwa mashine ya kawaida, ambayo mvuke mwepesi hujaa juu na kuisukuma hewa nzito itoke chini, vifaa vilivyofungwa huhitaji nyuzi 121 kwa dakika 30, na visivyofungwa dakika 20. Mashine zenye pampu ya kuvuta hewa hufanya kazi kwa nyuzi 134 kwa dakika 3 au zaidi, kulingana na maelekezo ya mtengenezaji, na hizo hupimwa uwezo wa kuondoa hewa kila asubuhi kabla ya awamu ya kwanza. Dakika hizo huhesabiwa tangu kipimajoto kifike kwenye nyuzi hizo. Nimeona watu wazima wenye vyeti wakihesabu tangu walipobonyeza swichi.

Kituo chetu hakina otoklevu. Mikasi ya kukatia kitovu tunaichemsha dakika 20. Inatosha?

Haitoshi. Kuchemsha kwa dakika 20 huua bakteria wengi, virusi na kuvu, lakini spora za pepopunda zinaweza kuvumilia maji yanayochemka, na kitovu cha mtoto mchanga ni mlango ambao pepopunda huupenda. Ongeza kwamba kadiri mahali palivyo juu kutoka usawa wa bahari ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 huchemka kwenye takriban nyuzi 95. Kuchoma mkasi kwa moto wa spiriti nako hakutakasi, kunaharibu makali tu na kuacha masizi.

Vifaa vya chuma visivyo na plastiki wala mpira vinaweza kutakaswa kwa tanuri la joto kavu lililotengenezwa kwa kazi hiyo, nyuzi 170 kwa saa 1 au nyuzi 160 kwa saa 2, na hapa pia muda huhesabiwa tangu joto lifikiwe. Zipo otoklevu ndogo za mkono zinazokaa juu ya jiko lolote. Vikikosekana vyote, vifaa visafishwe kwenu, vipelekwe vikavu katika sanduku lenye mfuniko kwenye kituo chenye mashine, na kituo kiwe na seti za kutosha ili mkunga asijikute na mkasi mmoja na akina mama wawili.

Ninasimamia wodi yenye wagonjwa wengi na otoklevu moja ndogo. Siwezi kupitisha kila kitu humo. Nianze na nini, na nini kinaweza kufutwa tu?

Swali lako lilishajibiwa katikati ya karne ya 20 na mtaalamu wa vijidudu Mmarekani, Earle Spaulding, kwa mpango ambao hadi leo sijaona ulio rahisi kuushinda. Aliuliza kifaa kinagusa nini. Kinachoingia katika mwili usio na vijidudu, yaani kwenye damu, ndani ya jeraha la upasuaji au ndani ya kizazi, lazima kitakaswe, kwa hiyo kipaumbele cha otoklevu yako ni hivyo. Kinachogusa utando laini wa kinywa, koo, uke au njia ya hewa, au ngozi yenye kidonda, kinahitaji angalau kuuliwa vijidudu kwa kiwango cha juu. Spekula, yaani kifaa cha kufungulia uke wakati wa uchunguzi, na ulimi wa laringoskopu, kifaa cha kuangalia koo, vimo humu, na vikistahimili mvuke ni bora vipitishwe kwenye mvuke. Kinachogusa ngozi nzima, kama steteskopu na mkanda wa kupimia shinikizo la damu, kinatosha kusafishwa na kufutwa kwa dawa nyepesi kama alkoholi ya asilimia 70. Hii ya tatu ndiyo inayosahaulika zaidi. Mkanda wa presha huzunguka mikono 30 kwa asubuhi moja na haumtishi mtu, hadi utakapotoka kwenye mkono wenye upele unaochuruza maji kwenda kwenye mkono wa mzee aliyetoka upasuaji.

Ugumu uko kwenye kundi la kati, hasa kwa vifaa visivyovumilia joto kama endoskopu, yaani mrija wenye kamera wa kuchunguzia ndani ya mwili. Hivi hulowekwa katika dawa kama glutaraldehaidi ya asilimia 2, kwa muda usiopungua ule ulioandikwa na mtengenezaji, na dawa hupimwa nguvu kwa kipande cha karatasi maalumu kabla ya kutumika, kwa sababu huchoka hata kama tarehe yake haijafika. Dawa hii hugandisha protini, hivyo uchafu ambao haukuondolewa kwanza hubandikwa kwenye kifaa kama kwa gundi. Chumba kiwe na hewa ya kutosha, kifaa kisuuzwe vizuri, na mirija ikaushwe kabla ya kutundikwa. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu endoskopu za kuchunguzia njia ya nyongo, baada ya wagonjwa kuambukizana bakteria sugu kupitia kifaa hicho hata pale maelekezo ya kusafisha yalipofuatwa. Shida ilikuwa kwenye kijipande kidogo kinachonyanyuka mwishoni mwa mrija, chenye mikunjo ambayo brashi haiifikii kwa urahisi. Kwa hiyo unapopewa kifaa kipya, kabla hujauliza kinafanya nini, uliza kinafunguliwaje.

Vifaa vyenye alama ya namba 2 iliyokatwa mstari ndani ya duara havimo katika makundi haya. Hivyo ni vya kutumika mara moja na kutupwa.

Nilikuwa kwa daktari wa meno, nikamwona anafuta ile mashine ya kutobolea jino kwa pamba yenye spiriti, kisha akaiingiza mdomoni mwangu. Je, nilikuwa na haki ya kukataa?

Ulikuwa nayo, na bado unayo. Mashine ile ya kushika mkononi, inaposimama kuzunguka, inaweza kufyonza mate na damu kuingia ndani ya mirija yake, na mgonjwa anayefuata akatemewa yale yale. Pamba ya spiriti hufika nje tu. Kinachotakiwa ni kuiondoa kwenye mrija wake, kuisafisha na kuitakasa kwa mvuke baada ya kila mgonjwa, ndiyo maana kliniki huhitaji kuwa nazo kadhaa. Uliza kwa upole, "Daktari, hii imetoka kwenye kifurushi?" Anayefanya kazi yake vizuri hafadhaiki, mara nyingi atakionyesha kifurushi na kukifungua mbele yako.

Baba na mama yetu wote wana kisukari na wanatumia kifaa kimoja cha kuchoma kidole, ila wanabadilisha sindano. Kuna ubaya?

Upo. Damu kidogo isiyoonekana hubaki kwenye mdomo wa kifaa, na virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Kila mmoja awe na cha kwake, na sindano moja isitumiwe na watu wawili, hata mume na mke. Mashine ya kusoma sukari ni vyema nayo kila mtu awe na yake. Wakilazimika kuitumia pamoja, ifutwe kwa dawa iliyotajwa na mtengenezaji baada ya kila kipimo.

Watoto wangu wawili wana pumu na wanatumia nebulaiza moja, ile mashine ya kugeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta. Huwa nasuuza barakoa kwa maji ya bomba na kuifuta kwa taulo. Mkubwa akiugua kifua, mdogo anafuata. Nakosea wapi?

Mama, mashine yenyewe wanaweza kuitumia wote wawili, lakini barakoa, kikombe cha dawa na mrija wa hewa kila mtoto awe na vyake, viwekewe alama au rangi tofauti ili visichanganyike usiku wa manane unapohangaika na mtoto anayebanwa. Mafua yanaweza kuhama kwa njia nyingine pia, kwa kuwa wanalala na kucheza pamoja, ila hii ni njia ambayo unaweza kuifunga.

Baada ya kila matumizi, tenganisha kikombe na barakoa, vioshe kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, uvisuuze na kuvitikisa. Kisha, mara moja kwa siku vinapotumika, ua vijidudu: kama kijitabu cha kifaa kinaruhusu, chemsha kikombe kwa dakika 5 maji yakiwa yanatokota. Visivyovumilia moto hulowekwa katika alkoholi ya asilimia 70 kwa dakika 5 na kusuuzwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, si ya bomba, kwani maji ya bomba huweza kurudisha vijidudu ulivyokwisha kuviua. Siki haitoshi kwa kazi hii.

Taulo lako ndilo ningeliondoa kwanza. Limefuta mikono ya nyumba nzima, na kila unapolipitisha ndani ya kikombe unakirudishia ulichokiosha. Vitandaze vipande hivyo juu ya karatasi safi au kitambaa kilichotoka kufuliwa, mahali pasipo na vumbi, vikauke vyenyewe. Mrija wa hewa hauoshwi. Ukiona una matone ndani, uchomoe kwenye kikombe, uuache kwenye mashine na uiwashe dakika chache mpaka matone yaishe.